Mshahara wa Sheria: Kijana wa Kawangware na Binti wa Kibera

Ndugu mkulima, katika somo la mwezi huu hatutasema juu ya mbolea wala juu ya kupe. Tutasema juu ya mtu anayebeba mbolea hiyo mpaka shambani, na yule anayewapeleka ng'ombe wako kwenye josho. Huyo naye ana haki yake, na haki hiyo imeandikwa.

Wengi wetu katika skimu tulianza bila kuajiri mtu. Mikono ilikuwa ya baba, mama na watoto. Siku hizi watoto wako shuleni au mjini, na boma lisilo na kibarua hata mmoja ni nadra. Siku ile ulipomweka huyo mmoja, ulipata jina jipya, yaani mwajiri. Sheria haiulizi kama mwajiri ana ekari elfu moja au ekari tano.

BARUA MBILI

Mwanzoni mwa mwaka 2026 mzee mmoja wa skimu yetu alinijia ofisini. Jina lake sitalitaja, kwa maana kosa lake ni la wengi. Aliketi, akavua kofia, akasema:

"Mwalimu, niandikie barua kwa afisa wa kazi. Binti yangu anaonewa huko Nairobi."

Nikachukua kalamu. Binti yake hukaa Kibera, upande wa Laini Saba. Kila siku kabla ya jua kuchomoza hutembea kwa miguu mpaka Kilimani, ambako hupika, hufua na kulea watoto katika nyumba ya watu. Jioni hurudi kwake. Hulipwa Sh. 10,000 kwa mwezi. Alipouliza kwa nini ni kidogo, aliambiwa, "Mchana si unakula hapa?"

Nikamwambia mzee kwamba binti ana haki ya kudai. Tulipokuwa tukimalizia barua, mzee akasema kwa fahari kwamba yeye hana shida na wafanyakazi wake. Amefungua kibanda cha maziwa Kawangware, na huko amemweka kijana mmoja kutoka kwa jirani yetu.

"Wamlipa ngapi?" nikauliza.

"Elfu nane, kama wa shambani. Ni kibarua wa shamba langu, nimemhamishia mjini tu."

Nikaweka kalamu chini. Nikamwambia, "Mzee, basi leo tutaandika barua mbili."

Juma lililofuata nilikuwa na safari ya Nairobi, nikapita Kawangware kumwona kijana huyo. Kazi yake ni kupokea madumu alfajiri, kuyaosha, kufagia, kuwapelekea wateja maziwa, na kulinda kibanda mchana kutwa. Alikuwa amepanga chumba cha mabati kwa Sh. 3,000. Fanya hesabu, ndugu yangu. Elfu nane ukitoa elfu tatu hubaki elfu tano. Gawanya kwa siku thelathini, na utapata Sh. 166 kwa siku, za kula, za maji, za sabuni na za mafuta ya taa. Kijana hakunilalamikia. Alisema tu, "Mwalimu, ikifika tarehe kumi na tano huwa nimeanza kukopa."

JEDWALI NI MBILI, USIZICHANGANYE

Kosa la kwanza la mzee lilikuwa la kuchagua jedwali. Serikali ya Kenya hutangaza viwango vya chini vya mishahara katika Gazeti Rasmi la Serikali, chini ya Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2007. Kuna amri ya mishahara ya kilimo, na kuna amri ya mishahara ya jumla kwa kazi nyingine. Amri ya jumla hugawanya nchi kwa mahali. Miji mikubwa kama Nairobi ina safu yake, nayo ndiyo ya juu kuliko zote.

Viwango vilivyoanza tarehe 1 Novemba 2024, vilipopandishwa kwa asilimia 6, ni hivi:

Kibarua wa kilimo asiye na ufundi: Sh. 7,997.33 kwa mwezi.

Kibarua wa kawaida Nairobi, pamoja na mfagiaji, mtunza bustani, yaya, mfanyakazi wa nyumbani na mlinzi wa mchana: Sh. 16,113.75 kwa mwezi.

Mchungaji wa ng'ombe na mlinzi wa shambani wana mstari wao katika jedwali la kilimo, ulio juu kidogo ya huo wa kwanza. Ikiwa viwango vipya vimetangazwa baada ya hivi, fuata vipya. Uliza katika ofisi ya kazi ya kaunti yako.

Sasa shika jambo hili: jedwali hufuata kazi na mahali kazi inapofanyika. Halifuati asili ya mfanyakazi, wala asili ya maziwa, wala makao ya mwenye mali. Maziwa yametoka skimu, ni kweli. Lakini kijana anaosha madumu Kawangware, na Kawangware ni Nairobi. Kibanda chako kikiwa cha mabati, jedwali ni lile lile la mwenye duka la vioo katikati ya mji.

Wala usiseme, "Lakini yeye mwenyewe alikubali." Mapatano ya kulipwa chini ya kiwango cha sheria hayana nguvu kwa sehemu hiyo. Kiwango cha sheria huchukua nafasi yake, hata kama mlipeana mikono mbele ya wazee.

POSHO YA NYUMBA

Kosa la pili ni kusahau nyumba. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi mahali pa kulala panapofaa, au amlipe fedha za kutosha za kupanga. Kama mmepatana mshahara mmoja ambao tayari una kodi ya nyumba ndani yake, hati iseme hivyo wazi. Katika amri ya jumla posho hiyo ni asilimia 15 ya mshahara wa chini.

Kwa Nairobi, asilimia 15 ya Sh. 16,113.75 ni Sh. 2,417.06. Jumla yote ni Sh. 18,530.81. Hiyo ndiyo haki ya kijana wa Kawangware, na ndiyo haki ya binti wa Kibera pia, kwa sababu hakuna kati yao anayelala kwa mwajiri wake. Chakula cha mchana anachopewa binti ni jambo jema, lakini hakijazi pengo la mshahara. Mshahara hulipwa kwa fedha za Kenya.

Shambani, ukimpa mchungaji wako nyumba, hulipi posho. Lakini nyumba iwe nyumba. Stoo ya mbegu yenye panya na dawa za kunyunyizia si mahali pa kumlaza mtu.

DENI LINALOKUA USIKU

Tulirudi kwenye hesabu pamoja na mzee. Haki ya mwezi Sh. 18,530.81, alicholipa Sh. 8,000, pengo Sh. 10,530.81. Kijana alianza kazi Novemba 2024, na mpaka mwisho wa Desemba 2025 ilikuwa miezi 14. Zidisha: Sh. 147,431.34.

Mzee alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Hiyo ni bei ya ng'ombe wa maziwa." Ndivyo. Alikuwa amejenga kibanda chake juu ya ng'ombe wa mtu mwingine, bila kujua.

Deni la namna hii halipigi kelele. Wewe huoni hati ya madai wala benki haikuandikii. Lakini siku kijana akienda kwa afisa wa kazi, au katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, deni lote husimama mara moja. Tena kulipa chini ya kiwango ni kosa la jinai, lenye faini au kifungo au vyote viwili.

FIKIRA YA ZAMANI

Mzee alijitetea kwa neno ambalo nimelisikia kwa wengi: "Huyu kijana hana mke. Na mahindi hupata kwa mama yake." Fikira hiyo ni ya zamani sana. Wakati wa ukoloni mishahara ya Nairobi ilipimwa kumtosha mwanamume mmoja peke yake, kwa kudhani kwamba mke na watoto watalishwa na shamba nyumbani. Mwaka 1954 kamati iliyoongozwa na Carpenter ilichunguza mishahara ya Waafrika, ikakuta kwamba karibu nusu ya wafanyakazi wa mijini walioajiriwa na watu binafsi hawakupata kiasi cha kutosha mahitaji yao ya lazima. Ikapendekeza ujira upandishwe hatua kwa hatua, ufikie kumtosha mtu mwenye jamaa.

Wewe mkulima ndiwe uliyebeba mzigo wa fikira ile, au baba yako. Mahindi ya mama yalipopelekwa mjini, aliyepata faida alikuwa mwajiri aliyelipa pungufu. Leo ukisema mahindi ya mama wa kijana yatoshe, unamfanya mama huyo, jirani yako, akulipie mfanyakazi.

KIBARUA WA SIKU NA KIBARUA WA KILA SIKU

Ukifika Kawangware alfajiri utaona watu wamesimama kando ya barabara wakingoja kuitwa. Kutoka Kibera wengine hushika njia kufuata reli, kwenda Industrial Area kutafuta kazi langoni. Hao ni vibarua wa siku. Kibarua wa siku hulipwa jioni ya siku ile ile. Usimwambie, "Njoo Ijumaa."

Kiwango cha siku kina safu yake katika jedwali. Usichukue mshahara wa mwezi ukaugawanya kwa thelathini, maana utapata pungufu. Kiwango cha siku ni cha juu zaidi, kwa kuwa mtu wa siku hana hakika ya kesho.

Lakini angalia. Ukimwita mtu yule yule leo, kesho na keshokutwa, mpaka siku alizofanya mfululizo zikafika mwezi mmoja, sheria haimhesabu tena kuwa wa siku. Vivyo hivyo ukimpa kazi isiyoweza kwisha kwa miezi mitatu. Amekuwa mtu wa mwezi, na kumwachisha kwahitaji notisi ya siku 28. Wengi huwaita watu wao vibarua kwa miaka mitano, wakidhani jina lawakinga. Halikingi.

Tena mtu wako ana haki ya siku moja ya kupumzika katika kila siku saba, na siku 21 za kazi za likizo yenye malipo baada ya miezi 12. Ng'ombe hawajui Jumapili, najua. Basi panga zamu, mwanao akamue siku hiyo. Katika Nairobi, amri ya jumla huweka saa za kazi zisizozidi 52 kwa juma, kwa siku sita. Saa zinazozidi hulipwa mara moja na nusu, na za siku ya mapumziko au sikukuu mara mbili.

MAKATO

Kuna makato ambayo mwajiri lazima ayafanye na kuyapeleka, na hayo huwatisha wengi. Tuyatazame kwa mshahara wa Kawangware wa Sh. 18,530.81:

Hazina ya Taifa ya Hifadhi ya Jamii (NSSF), asilimia 6: Sh. 1,111.85.

Bima ya Afya ya Jamii, asilimia 2.75: Sh. 509.60.

Ada ya nyumba za bei nafuu, asilimia 1.5: Sh. 277.96.

Jumla ya makato ni Sh. 1,899.41, na kijana hupokea mkononi Sh. 16,631.40. Kwa viwango vya mwaka 2025 mshahara usiozidi Sh. 24,000 haukulipiwa kodi ya mapato.

Wewe mwajiri nawe huongeza kutoka mfukoni mwako, pasipo kumkata yeye: asilimia 6 nyingine ya NSSF na asilimia 1.5 nyingine ya ada ya nyumba. Peleka yote kabla ya tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Kumkata mtu fedha na kutozipeleka ni vibaya kuliko kutomkata. Maana siku atakapougua, ataambiwa hana bima, naye anakumbuka kila mwezi ulivyomkata.

Kwa kibarua wa shamba wa Sh. 7,997.33 anayelala kwako, makato ni haya: NSSF Sh. 479.84, afya Sh. 300, kwa kuwa hicho ndicho kiasi cha chini kabisa. Ada ya nyumba Sh. 119.96. Atapokea Sh. 7,097.53.

Zaidi ya hayo, usikate upendavyo. Mzee wetu aliwahi kumkata kijana Sh. 600 kwa sababu maziwa yaliganda siku umeme ulipopotea. Sheria huruhusu kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika kwa makusudi ya mfanyakazi. Umeme haukukatwa na kijana. Akikosa kazini bila ruhusa, waweza kukata mshahara wa siku hiyo, si wa siku mbili. Na makato yote pamoja yasizidi theluthi mbili za mshahara.

DAFTARI

Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Twaandika lita za maziwa za kila ng'ombe, asubuhi na jioni. Je, tutashindwa kuandika mshahara wa mtu mmoja?

Nunua daftari la kawaida. Kila mfanyakazi awe na ukurasa wake. Andika jina, nambari ya kitambulisho, tarehe aliyoanza, kazi yake na mahali pa kazi. Kisha piga safu: mwezi, mshahara, posho ya nyumba, saa za ziada, kila kato peke yake, kiasi alichopokea, tarehe, na sahihi yake. Ukimtumia kwa M-Pesa, andika nambari ya ujumbe.

Mtu wa kazi ya miezi mitatu au zaidi awe na mapatano ya maandishi. Asiyejua kusoma asomewe kwa lugha anayoielewa, kisha aweke alama ya kidole. Aliyeajiriwa kwa zaidi ya miezi sita apewe kila mwezi karatasi ya mshahara yenye kuonyesha makato. Nami nakushauri umpe kila mtu. Tunza kumbukumbu za mapatano hayo kwa miaka mitano baada ya mtu kuondoka.

Usione daftari ni kwa faida ya mfanyakazi peke yake. Ikitokea ugomvi na huna hati, wewe mwajiri ndiwe utakayetakiwa kuthibitisha mlivyopatana. Mwenye daftari huonyesha ukurasa. Asiye nalo huapa, na kuapa hakujazi safu.

ILIVYOKWISHA

Mzee alimwita kijana, mbele ya mama yake na mbele yangu. Hakusema mengi. Alisema, "Kijana wangu, nimehesabu vibaya." Walikwenda pamoja kwa afisa wa kazi, wakaandika namna ya kulipa pengo lile kwa vipande kila mwezi, pamoja na mshahara kamili. Mzee amepima tena faida ya kibanda. Ameona kwamba kwa lita anazouza sasa kibanda hakiwezi kumlipa mtu wa siku nzima, kwa hiyo ameungana na jirani wawili kuleta maziwa pamoja. Kama kibanda hakiwezi kulipa mshahara wa sheria, basi faida uliyokuwa ukiihesabu haikuwa faida. Ilikuwa chakula cha kijana.

Na barua ya binti? Imekwenda. Mpaka ninapoandika somo hili jibu halijafika. Lakini mzee aliniambia jambo moja alipokuja kuuliza. Alisema, "Sasa naweza kumdai yule bwana wa Kilimani bila kuinamisha uso."

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Unapeleka kabeji Kawangware, na huko umeweka mtu wa kuzipakua na kuzilinda mchana kila siku. Utatumia jedwali gani? (Jibu: la jumla, safu ya Nairobi.)

2. Mchungaji wako analala kwako katika chumba kizuri. Je, utamlipa posho ya nyumba? (Jibu: hapana, nyumba ndiyo posho.)

3. Mama mmoja amekulimia viazi kila siku ya kazi kwa wiki sita mfululizo, nawe humlipa jioni. Je, waweza kumwambia leo asije kesho? (Jibu: hapana. Amekwisha kuwa mtu wa mwezi. Mpe notisi ya siku 28.)

Kata ukurasa huu, uutie ndani ya daftari lako la mishahara. Kama daftari huna, anza nalo Jumamosi ya soko.